Nilimwosha, Sikumsamehe

Wapo wanaosema nilimwogesha kwa maji ya baridi makusudi, ili hata mautini nimkomoe. Si kweli. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, yenye majani ya mkunazi, na niliyapima kwa kiwiko kama ninavyowapimia wote. Mengine wanayoyasema juu yangu na yake ni kweli, sitayakana.

Kazi ya kuosha maiti za wanawake niliirithi kwa mama. Kijiji chetu kiko mwinukoni, juu ya bonde la Rufiji, na mashamba ya mpunga yako chini kule ambako mto hufika masika. Nimewaosha wanawake wengi wa hapa, wengine wakubwa zangu, wengine niliowafunda mimi mwenyewe walipovunja ungo. Nikishamaliza nanyamaza. Mwosha hasemi alichokiona mwilini, na mimi sijawahi kusema.

Huyu tulichezwa unyago pamoja. Tulikaa ndani nyumba moja, tukala sahani moja, tukatoka siku moja tumepakwa mafuta mpaka nyayoni. Tulipoolewa, waume zetu wakajenga madungu jirani bondeni, vile vibanda vya juu ya miti tunavyokaa msimu mzima kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Nikikosa chumvi napiga kelele, yeye anakuja nayo. Mama yake na mama yangu walikuwa wamelima hivyo hivyo, ubavu kwa ubavu, na mpaka wao ulikuwa mkwaju.

Ukaja mwaka ambao mto ulihama. Wenyeji wa bonde wanajua: maji yanajaa, yanakaa, na yakiondoka unakuta mkondo umechimba kwingine. Mkwaju ulikuwa umekwenda na maji. Shamba la mama yangu lilibaki upande wa kwake, na mfereji mpana ukatutenganisha. Nilipovuka na jembe nilimkuta ameshaanza kupalilia.

"Shoga, hapa umevuka," nikamwambia.

"Nimevuka nini? Hapa ndipo alipolima mama."

Nilidhani anatania. Nilicheka, na mpaka leo kicheko kile kinanikera.

Tulifika barazani. Wazee wa ardhi wakauliza nani ana shahidi, na mashahidi wetu wote walikuwa makaburini. Wakaleta msahafu. Mimi nilisita, kwa sababu mama alinilea nikiogopa kuapa hata kwa jambo la kweli. Yeye hakusita. Alitia udhu, akaweka mkono, akaapa kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba lile shamba ni la mama yake. Kisha akaongeza ambalo halikuulizwa. "Na huyu anayenidai," akasema, "mtoto wake wa pili nimemzalisha mimi, kwenye mtumbwi wangu. Leo ndiyo shukrani yake."

Watu wakaguna. Nikashindwa.

Kuanzia siku ile hatukusalimiana, na haikuwa chuki ya kimya. Alinunua kanga yenye maneno ya kunichoma, akawa anaivaa kila anapopita mbele ya nyumba yangu, akipunguza mwendo ili niisome vizuri. Nami nikaagiza yangu ya kumjibu kutoka Ikwiriri. Nikiwa kisimani, yeye humwaga maji ya kwanza ya ndoo yake miguuni pangu. Binti yake wa pekee, aliyekuwa akiniita mama mdogo, akafundishwa kuniita "yule mama". Na miguu ya mwenzangu ilipoanza kuvimba, miaka ya mwisho, watu wakanong'ona kuwa ni kiapo kinamla. Sikuwakataza. Kusema kweli nilikuwa nikitengeneza uji asubuhi, namsikia nyumba ya pili akikohoa na kuburuza miguu kwenda msalani, na uji wangu unakuwa mtamu.

Alikufa masika, maji yakiwa yamefunga njia. Mwosha mwingine anakaa kijiji cha pili na hapakuwa na pa kuvukia. Kaka wa marehemu, mzee tunayemheshimu wote, ndiye aliyekuja kwangu. Alisimama uani bila kuketi.

"Dada, unajua nimefuata nini."

"Najua."

"Ukikataa sitakulaumu."

Nilichukua mkoba wangu wa karafuu maiti na udi, nikamfuata.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, mikono amekamata miimo yote miwili. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa kavu.

"Wewe huingii."

"Basi mwosheni."

"Mama alisema usimguse. Aliniusia."

"Kuna mwingine anayejua?" nikamwuliza. Nikawageukia wanawake waliokuwa kwenye mkeka. "Kuna anayejua humu?" Wakaangalia chini. Jua lilikuwa limeshapanda, na wanaume walikwisha kwenda kuchimba kaburi. Mjomba wake akamwita kwa jina la utotoni, mara moja tu, na mikono ikashuka kutoka kwenye miimo.

Alishikilia kukaa chumbani nami. Ilikuwa haki yake. Yeye alimwaga maji, mimi nikaosha, na maji yakaenda ufuoni, ule mtaro mdogo tuliouchimba chini ya kitanda. Hatukuzungumza ila yale ya kazi. Mwagia huku. Punguza. Inua bega. Kila nilipomgusa mama yake alinitazama vidole, kama mwizi sokoni anavyotazamwa. Nilifanya taratibu zote. Nilizikamilisha kwa ukali, kwa sababu sikutaka apatikane mtu wa kusema nimepunguza, na nilipomfunga sanda mafundo yalikuwa sawasawa. Niliyoyaona katika mwili ule sitayasema.

Jeneza lilipowekwa uani, mjomba akasimama mlangoni upande wetu wanawake. "Marehemu alikuwa binadamu," akasema. "Kaishi nanyi, kakosana nanyi. Mwenye kinyongo naye, amsamehe."

"Tumemsamehe," wakajibu wote.

Nilikuwa nimekaa karibu na binti. Akanigeukia.

"Sijakusikia."

"Sijasema."

"Sema."

"Nimemwosha mama yako," nikamwambia. "Lile lilikuwa faradhi, nisingefanya mimi wote mngepata dhambi. Hili ni langu mwenyewe, na siwezi."

Bibi mmoja nyuma yangu alinifinya mbavu kwa nguvu. Binti akainuka, nadhani angenipiga, wakamshika. Kaka wa marehemu akasema, "Mwacheni. Mungu atawaamua," wakabeba jeneza. Nilirudi nyumbani na mkoba wangu. Hakuna aliyenisindikiza, na kwa wiki kadhaa hakuna aliyekuja kuomba hata kiberiti.

Arobaini ilipofika nilikwenda, wasije wakasema najificha. Nilikaa ukingoni mwa mkeka wa mwisho. Wanawake wawili wakasogeza magoti ili kanga zao zisiguse yangu.

Kulikuwa na mpwa wa marehemu aliyetoka Kibiti, ana duka la kuchapa barua na picha za pasipoti. Siku hizi yeye ndiye anayepigiwa simu kila msiba ukitokea, analeta wasifu wa marehemu umechapwa vizuri, anausoma kwenye spika. Mwaka ule tulikuwa tumezika watu watatu kabla ya huyu, na wote watatu alikuwa amewasomea. Wa kwanza alikuwa mzee seremala wa vitanda, mwenye matusi ambayo wanawake wakipita karakana yake walikuwa wakiziba masikio, na vitanda vyake havikulia kamwe. Tukaambiwa alikuwa mpole, fundi mwaminifu na kiungo muhimu katika jamii. Wa pili mwanamke msuka mikeka, mkimya, aliyeweza kumaliza mwezi bila kusema na mumewe, akala kwake na kulala kwake. Tukaambiwa alikuwa mcheshi, mpenda watu, kiungo muhimu katika jamii. Wa tatu kijana wa mpira aliyekufa maji Utete. Naye mpole, naye mcheshi, na alipenda michezo, ambalo angalau lilikuwa kweli.

Sasa mpwa akakohoa kwenye spika, akaanza. Marehemu alizaliwa kijijini hapa. Marehemu alikuwa mtu mpole. Marehemu alikuwa mcheshi, asiye na makuu, asiyewahi kugombana na mtu. Hapo baadhi wakanitupia jicho. Alikuwa fundi mwaminifu, akaendelea, na alipenda michezo. Hakuna aliyeshtuka. Watu wazima wamekaa wanatikisa vichwa, fundi mwaminifu, naam, pengo lake halitazibika.

Nilikuwa nimemchukia mwanamke huyo miaka kumi na tisa, nimemsoma kama mtu anavyosoma anga la mvua, najua anavyokohoa na anavyofunga mlango. Na hawa waliomsamehe kwa pamoja walikuwa wakimzika mara ya pili, kwenye karatasi ya seremala.

Nikasimama. "Huyo unayemsoma ni nani?"

Spika ikakwaruza. Mpwa akasema, "Shangazi, tafadhali, tumalize."

"Huyo si yeye. Hakuwa mpole hata siku moja. Alikuwa na ulimi kama panga na alinidhulumu shamba la mama yangu, na hilo nyote mnalijua. Lakini mnakumbuka mwaka wa viboko?"

Nikawaambia. Tulikuwa wake wachanga, alfajiri, mpunga umekomaa. Kiboko akapanda kutoka mtoni akaingia shambani kwangu, si kwake. Waume zetu walikuwa juu ya madungu, wakapiga makelele hukohuko juu. Yeye akashuka. Kanga kiunoni, kifua wazi, mkono mmoja kinga cha moto alichokichomoa mekoni, mkono wa pili debe. Alimwendea yule mnyama akimtukana kwa Kindengereko, matusi ya mama yake kiboko na ya bibi yake kiboko, akampigia debe usoni. Mnyama akageuka. Alipohakikisha ameingia majini, akawageukia wanaume juu ya madungu, akawatukana wao.

Mzee mmoja upande wa wanaume akaangua kicheko, akajizuia, akashindwa. Alikuwa mmoja wa wale wa juu ya dungu.

"Na ni kweli alinizalisha," nikasema. "Mafuriko yamejaa, mume wangu amekwenda Mohoro, uchungu umenishika. Akanitia mtumbwini, akausukuma mwenyewe kwa pondo kwenda kumtafuta mkunga. Hatukufika. Akachomeka pondo kwenye matope, akafunga mtumbwi, akanipokelea mtoto kwa mikono ileile. Na tangu hapo hakukosa kunisimanga. Kila akitaka kitu kwangu alimtaja mtoto yule. Ndivyo alivyokuwa. Akikupa kitu, alibaki ameshika upande mmoja. Msimwite fundi. Msimwite mpole. Angewatapikia."

Binti alikuwa ameshafika mbele yangu. "Ondoka kwetu."

"Naondoka."

"Umemtukana mama yangu kwenye hitima yake."

"Nimemtaja," nikasema. "Hao wengine hawakumtaja."

Wakanitoa, wawili wakinishika mikono bila upole. Nyuma yangu nilisikia mpwa akianza tena pale alipoachia, kisha akakatizwa na sauti ya kike ambayo sikuitambua, ikisema, "Basi, mwanangu, weka hiyo karatasi." Sikugeuka kuona ni nani.

Baada ya hapo wengine walinirudia, wengine hawajarudi mpaka leo. Misiba miwili iliyofuata walimleta mwosha wa kijiji cha pili, nami nikakaa nyumbani nikisuka ukili, nimekasirika. Wa tatu waliniita, kwa sababu njia ilikuwa imefungwa tena.

Maji yalipoondoka bondeni, wakati wa kupanda mazao ya mlau kwenye tope lililobaki, nilishuka kwenye kipande changu kidogo upande wa huku. Binti alikuwa ng'ambo ya mfereji, kwenye shamba la mama yangu, anapanda. Aliniona. Kisha akaja mpaka ukingoni, maji yakiwa kati yetu, na akasimama na jembe begani.

"Baba yangu alimpataje mama?" akauliza. Hakunisalimu.

Ningeweza kumnyamazia. "Hakumpata," nikasema. "Yeye ndiye aliyemchagua. Kwao walishapokea posa ya mtu wa Mbwara, mwenye mikorosho mingi. Watu wake walipoleta mkeka na nguo za posa, mama yako akavibeba vyote mpaka mtoni akavitosa, na akarudi nyumbani akatwanga mpunga. Babu yako alimpiga. Kesho yake akaenda mwenyewe kwa baba yako, akamwambia, tuma watu."

Hakucheka. Alikuwa akikwaruza tope kwenye mpini kwa kucha.

"Ulikuwepo?"

"Nilimsaidia kubeba mkeka."

Nikainama kuendelea na kazi yangu, nikadhani yamekwisha.

"Shamba silirudishi," akasema.

"Sijakuomba."

"Najua unataka niseme aliapa uongo. Sisemi."

"Aliapa uongo," nikasema.

Akageuka akarudi kwenye mstari wake. Tulifanya kazi mpaka jua lilipokuwa kali, yeye upande wake, mimi wangu, na tulipopanda mwinukoni alipita njia ya juu, nami ya chini. Masika yaliyofuata alipanda mpunga mpaka kwenye ukingo wa mfereji, asiache hata hatua moja ya kukanyaga. Ulistawi sana. Niliuona kila siku.