Kichwa cha Habari Nilichokubali Kibadilishwe

Siku ya kwanza kazini nilivaa gauni la kanisani. Ofisi ya tovuti, iliyoandika habari za wafugaji, wakulima na wachimbaji, ilikuwa mtaa wa Ngokolo, chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo. Mkurugenzi aliniamkia shikamoo kabla sijaketi, maana nilimzidi umri. Nilikuwa nimetoka kusoma prufu, zile kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, kwenye kiwanda cha uchapaji kilichofungwa, nikidhani maneno ni maneno tu.

"Mama Kabula," akaniuliza, "ng'ombe wa mtu akiugua, anaandika nini kwenye simu?"

"Haandiki kitu. Anamwita daktari wa mifugo."

"Anaandika. Na maneno yaleyale anayoandika, sisi tunayaweka kwenye kichwa cha habari."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Kila ukurasa tuliupa kichwa kikuu kimoja, na chini yake vichwa vidogo vya kugawa habari. Mtambo wa kutafuta habari mtandaoni hutuma programu yake ipite ikisoma kurasa zote, nayo huyatazama maneno ya vichwani ili ijue ukurasa unahusu nini. Ila hautazami hayo tu. Huangalia kama habari yenyewe inajibu swali, na kama tovuti nyingine zinakutaja. Kanuni zake hubadilika, na wenye mtambo hawakwambii zote. Mkurugenzi alipenda ile nusu ya vichwa. Nusu nyingine hakuipenda, kwa kuwa ilidai jasho.

Baadaye nilihamishiwa Kagongwa, kwenye kurasa za mazao. Mhariri wa pale alikuwa mzee mkali. Siku moja niliandika "Bei ya mpunga leo" juu ya habari isiyokuwa na bei. Akanirudishia kazi yangu, akiniita mama kwa lugha ya kwetu.

"Mtu amekuja kwa ajili ya bei, mayu. Mpe bei, au ondoa neno hilo."

Sikupata bosi mwingine wa namna ile.

Kutoka hapo nikapelekwa Geita, kwenye kurasa za wachimbaji wadogo. Wachimbaji hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huuchoma ule mchanganyiko hadi ibaki dhahabu tupu. Moshi wake ni sumu. Nesi wa zahanati moja ya Rwamgasa alikuwa akipokea watu wanaotetemeka, akaniomba tuandike onyo. Tukaliandika kwa siku tatu. Kichwa kikuu kilikuwa "Zebaki haichomwi jikoni".

Hakuna aliyelisoma. Watu hawakutafuta onyo, walitafuta "jinsi ya kuchoma dhahabu". Nikapendekeza tuandike "Jinsi ya kuchoma dhahabu bila kuvuta moshi wa zebaki". Kichwa hicho kingekuwa na maneno ya watu, na kingekuwa kweli. Mkurugenzi akanipigia simu.

"Kirefu, Mama. Andika 'Jinsi ya kuchoma dhahabu haraka nyumbani'. Hatua ziwe juu. Onyo liweke mwisho, kwenye kichwa kidogo."

"Mwisho hawafiki."

"Wakifungua tu, inatosha."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na binti chuoni, nikakubali. Nikahamisha maneno ya nesi hadi chini kabisa kwa mkono wangu mwenyewe. Wiki chache tu, ukurasa ukawa wa kwanza kwenye matokeo ya kutafuta. Mkurugenzi akaagiza soda ofisi nzima, nami nikanywa yangu.

Miezi ikapita, nesi akaniita Rwamgasa. Hakunisalimia. Alinipeleka kwa Mama Shija, mwanamke aliyekuwa akiponda mawe ya dhahabu na kuchomea jikoni kwake, mlango ukiwa umefungwa ili majirani wasijue. Alijaribu kunikaribisha uji, kikombe kikamwagika mkononi. Mwanawe wa mgongoni naye hakuwa sawa, alisema nesi.

"Nani alikufundisha kuchomea ndani?" nikamuuliza.

"Simu. Ilikuja ya kwanza kabisa. Nikajua ya kwanza ndiyo ya kweli."

"Hukusoma hadi mwisho?"

"Kwani mwisho kulikuwa na nini?"

Nesi alinitazama. Sikumwambia Mama Shija mimi ni nani.

Siku hiyohiyo nilirudisha onyo juu na kubadilisha kichwa. Kesho yake Mkurugenzi alikuwa amekirudisha kile cha zamani na kunifungia njia ya kuingia kwenye tovuti. "Onyo tulilichapisha," akasema. "Asiyesoma ni juu yake." Akanirudisha Ngokolo kupanga mafaili, na umri wa kustaafu ulipofika akaniaga kwa keki na shikamoo.

Kanuni za mtambo zilibadilika baadaye, tovuti ikaporomoka, ikafungwa. Nilifurahi bure. Wengine walikuwa wameunakili ukurasa ule, neno kwa neno, na onyo wamelikata.

Vijana huniuliza siri ya kupanda juu kwenye matokeo. Nawaambia andikeni kichwa kinachosema kilichomo. Wanasubiri niendelee, kisha wanaangalia simu zao.

Mwezi uliopita binti yangu Kabula, ambaye sasa ni mwalimu, alitaka kuwaonyesha wanafunzi wake kazi ya mama yake. Akaandika jina langu kwenye simu, na matokeo ya kwanza yakawa ukurasa ule. Walionakili hawakuwa wamefuta jina la mwandishi.

"Mama, hii uliandika wewe?"

Nikamwambia ndiyo.