"Kri!" puani mwa fundi wa milango, na picha iliyobaki Kibokoni

"Kri!"

Sauti ndogo, wakuu, kama ganda la yai. Tatizo ni kwamba ilitoka ndani ya pua ya mtu, na kifaa kilikuwa mkononi mwangu.

Salaam aleikum nyote. Sitatia chumvi; kisa chenyewe kinaniaibisha vya kutosha.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikisomea upasuaji wa masikio, pua na koo hapa Mombasa. Kupasua kwa kamera nyembamba ya puani kulikuwa bado kugeni kwetu.

Mgonjwa alikuwa Mzee Shee, mchonga milango, aliyezibwa pua miaka mingi. Wakati huo picha za CT, zinazoonyesha mifupa ya ndani ya kichwa, zilikuwa mali ya mgonjwa: huenda nazo nyumbani, huzirudisha siku ya upasuaji. Mzee alirudisha bahasha. Ndani mlikuwa na ripoti tu.

Nikaanza hivyo hivyo. Naam, nilijua ni kosa.

Ukuta kati ya pua na jicho ni mwembamba kama karatasi. Baada ya ile "kri" nikajiona nimekwisha kumpofusha. Nikalibonyeza jicho lake taratibu, nikitazama kwenye kamera kama kuna kitakachotikisika puani; ukuta ukivunjika, nyama ya jicho huchungulia huko.

"Daktari," akasema Sista Mwanaidi, muuguzi wa thieta, "jicho hilo si embe la sokoni Marikiti."

Hakikutikisika kitu. Nikasimamisha kazi.

Mzee alipozinduka alikuwa akiona vizuri, hasa makosa yangu. Nilimweleza yote.

"Mwanangu, mimi mlango wa mtu sitii patasi kabla ya kuchora. Wewe wachonga kichwa changu kwa kukisia?"

Alasiri nikaenda nyumbani kwake, mtaa wa Kibokoni, kuitafuta picha. Mkewe, Bi Rukia, akaitoa picha chini ya godoro.

"Niliificha. Wajukuu waliogopa kumuona babu yao hana nyama."

Nikaiinua dirishani. Ndani ya pua mna vijipindo vya mfupa. Kimoja cha Mzee kilikuwa na uwazi katikati, kimefura kama mahamri. Hicho ndicho kilicholia. Kuvunjika kwake hakuna madhara.

Nikacheka. Kisha nikatazama upande wa kulia, nilikokuwa naelekea.

Dari ya pua, inayopakana na ubongo, ilikuwa chini sana kuliko ya kushoto. Nao ukuta wa jicho ulikuwa na pengo la kuzaliwa nalo. Hatua mbili zaidi, wakuu, ningetoboa.

Nilichojifunza: hakuna pua mbili zilizojengwa sawa, hata kwa mtu mmoja. Ripoti haikutoshi, itazame picha kwa macho yako. Madaktari na wagonjwa wa humu, nanyi yamewahi kuwafika? Nisemeni pia, nimestahili.

Siku ile, kabla sijatoka Kibokoni, niliitunga sentensi yangu ya kukiri mara saba, ndipo nikaomba simu ya Bi Rukia na kumpigia daktari mkuu aliyenisimamia.

"Daktari, leo nimeanza upasuaji bila kutazama picha. Hakuumia. Lakini nimefanya."

Akauliza:

"Mgonjwa anajua?"

"Ndiye wa kwanza kunigombeza."

"Basi mimi wa pili. Vuta kiti."