Herufi Chini ya Nyayo

Ketut Rasmini alianza kufundishwa ngoma akiwa na miaka sita, na hakuna aliyewahi kumweleza ngoma ni nini. Kwetu Bali ngoma haielezwi. Mwalimu wake, mama mmoja mnene aliyetafuna tambuu kutwa nzima, alisimama nyuma yake, akamshika vifundo vya mikono, akamvuta huku na kumsukuma kule, na kila Rasmini aliponyoosha miguu akamgonga goti kwa goti lake ili likunjike. Ilipopita miezi minane mwili wake ulikuwa unajua mambo ambayo kichwa chake hakiyajui, na hapo ndipo yule mama alipomwachia mikono.

Angekuwa mchezaji wa kutajwa. Lakini alipofika miaka kumi na tisa pikipiki ilimteleza kwenye kokoto, goti likaenda na maji, na ngoma ikaishia hapo. Akasomea ualimu kwa sababu ndicho kilichokuwa kimebaki. Akapata nafasi ya mkataba katika shule ya msingi ya kijijini, na mkataba huo husainiwa na mwalimu mkuu kila mwezi wa saba. Miaka kumi na minne alisainiwa, na miaka kumi na minne kila ukifika mwezi wa sita alihesabu siku. Watu wanaosema ualimu ni kazi ya kukaa kitako hawajawahi kuamka asubuhi bila kujua kama bado ni walimu.

Mwaka huu ninaousema, darasa lake la pili lilikuwa na watoto kumi na tisa, na mmoja wao alikuwa Kadek Wistari. Kadek alikuwa na miaka kumi na alikuwa anasoma darasa hilo mara ya tatu. Wenzake walimfika begani, wakamwita shangazi, naye akacheka nao, maana angefanyaje? Alilelewa na bibi yake, Nini Rangki, fundi wa kufuma sadaka za majani ya mnazi ambaye hekalu zima lilimtegemea. Bibi huyo alikuja shuleni mwanzoni mwa mwaka, akakaa kwenye kiti cha watoto, akasema neno lake bila kupandisha sauti. Mwaka ukiisha Kadek hajui kusoma, basi imetosha, atakaa nyumbani afume. Hakutaka mjukuu wake azeekee darasa la pili.

Rasmini aliona haki ya neno lile, na lilimkosesha usingizi. Maana yule mtoto hakuwa mjinga hata kidogo. Ukimkalisha na kitabu, macho yalimzunguka na jasho likamtoka. Lakini mapumziko yakifika, akiruka kamba uani, aliimba nyimbo ndefu bila kukosea neno, na kila neno lilikuwa na mahali pake pa kukanyaga. Rasmini alimtazama siku tatu. Siku ya nne akasogeza madawati ukutani, akachukua chaki, akachora miduara sakafuni, na ndani ya kila duara akaandika silabi moja.

Akasimama nyuma ya Kadek, akamshika vifundo vya mikono kama alivyoshikwa yeye. Silabi moja, mruko mmoja. Ku. Ku. Wa. Ngu. Wiki ya kwanza ilikuwa fujo tupu. Wiki ya tatu Kadek alisoma "kuku wangu" peke yake, akageuka kumtazama mwalimu kana kwamba ameibiwa kitu akarudishiwa. Rasmini alitoka nje, akasimama nyuma ya tangi la maji, akalia.

Baada ya hapo darasa zima likaingia mchezoni. Walifinyanga hesabu kwa udongo, wakapiga makofi ya kujumlisha. Mwalimu wa darasa la tatu akawa anachungulia dirishani na kuuliza kwa utani, kwa kelele zile za sokoni, bei ya vitunguu leo ni ngapi. Rasmini alimjibu kwamba vitunguu vimekwisha, arudi kesho. Ilikuwa furaha, na alistahili, mimi simnyimi.

Ila kuna jambo moja. Kwetu herufi hazikanyagwi. Mtoto akiruka juu ya kitabu huambiwa akiokote na kukiweka kichwani kuomba radhi, na hili halifundishwi na mtu, linanyonywa pamoja na maziwa. Rasmini alilijua kama sisi sote. Alijiuliza, akajijibu haraka mno: herufi takatifu ni zile zetu wenyewe za Kibali, zile zilizochorwa kwenye majani makavu na kufungiwa makabatini na makuhani. Hizi nyingine ni za magazetini na kwenye mifuko ya saruji, na mifuko ya saruji tunaikanyaga kila siku. Akajiridhisha. Kila mchana alifuta sakafu kwa kitambaa kibichi, mwalimu mkuu akaambiwa tu kwamba darasani kunatumika michezo, na watoto hakuwaambia chochote. Hilo ndilo ninalomlaumu. Tofauti aliyoipima kichwani mwake hakuwapa watoto waipime.

Ikafika siku ya Saraswati, mungu wa elimu. Siku hiyo vitabu vyote hukusanywa na kuwekewa sadaka, na hakuna anayesoma wala kuandika mpaka kesho yake. Watoto walikuja shuleni na nguo nyeupe na mikanda ya manjano. Nini Rangki alikuja na sinia la sadaka kichwani. Alipokata kona kuelekea madhabahu ya shule, alimkuta mjukuu wake juu ya saruji, chaki mkononi, viatu kavua.

Kadek alikuwa amezinakili herufi tano za kwanza za Kibali kutoka kwenye chati ya ukutani. Hakuna aliyemtuma. Alitaka kumwonyesha bibi yake. Alipomwona tu akaanza kuruka, mguu mmoja kila herufi, akizitamka kwa sauti kubwa, ha, na, ca, ra, ka, na hakukosea hata moja. Mtoto ambaye miaka mitatu hakuna nje ya darasa lake aliyemsikia akisoma, alisoma siku ile, mbele ya madhabahu, kwa nyayo zake.

Sinia lilimtoka Nini Rangki. Machungwa yakabingirika mpaka mlangoni. Hakumpiga mtoto, alipiga magoti na kuanza kuzifuta zile herufi kwa upindo wa nguo yake ya sherehe, na Kadek akasimama pembeni, mikono bado juu, hajui amekosa nini.

Mkutano ulifanyika Jumatatu jioni katika ukumbi wa mtaa. Mwenyekiti wa mila alizungumza kwa upole, ndiyo desturi yetu, na upole ule ulitisha kuliko matusi. Sadaka ya kuomba radhi itatolewa, shule itatakaswa, hilo halina mjadala. Lililobaki ni kujua nani aliyemfundisha mtoto kufanya vile. Mwalimu mkuu aliketi mstari wa mbele akitazama vidole vyake. Ilikuwa wiki ya mwisho ya mwezi wa sita.

Rasmini alisimama. Nini Rangki alikuwa amekaa upande wa wanawake, na Kadek kajikunyata nyuma ya mgongo wake.

"Mimi sijawahi kumfundisha kukanyaga herufi zetu," Rasmini alisema. "Hilo amelifanya mwenyewe."

Ilikuwa kweli, kila neno. Alipokaa chini aliona kwamba kweli ile imemwokoa yeye na kumwacha mtoto peke yake katikati ya ukumbi. Angeweza kusimama tena. Angesema kwamba mtoto amefuata njia aliyoonyeshwa, na aliyeionyesha ni yeye. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye la kuongeza, akasubiri, akauliza tena, na Rasmini akabaki ameshika goti lake bovu kwa mikono miwili. Mkutano ukafungwa.

Mkataba wake ulisainiwa wiki hiyo hiyo. Madawati yakarudishwa katikati. Mwalimu mkuu aliomba, kwa upole vilevile, kwamba michezo sasa ipumzike, basi watoto wakakunja mikono na kutazama ubao, na mwalimu wa darasa la tatu hakuchungulia tena dirishani. Kiti cha Kadek kilikuwa kitupu. Rasmini aliita jina lake kila asubuhi katika mahudhurio, ingawa alijua, na kila asubuhi watoto walijibu kwa pamoja kwamba hayupo. Siku ya tisa alifika kwenye jina lile akaacha kuita. Akaweka chaki chini, akawaambia watoto wachore chochote wanachotaka, akakaa akiwageuzia mgongo mpaka kengele ilipolia.

Mchana ule alichukua kitabu cha darasa la pili, akakifunga kwenye kitambaa safi, akaenda nyumbani kwa Nini Rangki.

Aliwakuta barazani juu ya mkeka. Bibi alikuwa ameketi nyuma ya mjukuu, amemzungushia mikono, amemshika vifundo, anamwongoza vidole kukunja ukanda wa jani la mnazi. Hakuwa anaeleza kitu. Anavuta huku, anasukuma kule. Rasmini alisimama uani akitazama.

"Bibi," alisema, "hivyo unavyofanya ndivyo nilivyomfundisha mimi."

Nini Rangki hakuachia mikono ya mtoto. "Haya ni majani, Mwalimu. Majani ni kazi ya mikono. Herufi ni za kichwani, na kichwa hakiwekwi chini."

"Makosa ni yangu. Nimekuja kulisema. Yeye hana kosa."

"Ukumbini ulisema hukumfundisha wewe. Leo unasema ulimfundisha. Sasa mimi nikuamini siku gani?"

Rasmini alipanda barazani. Akapiga magoti, akafungua kitambaa, akakiweka kitabu juu ya bakuli la kutolea sadaka lililofunikwa, ili kisiguse sakafu. Akaomba jambo moja tu. Kadek asome mstari mmoja, hapa hapa, ameketi vizuri mbele ya bibi yake. Akiweza, arudi shule. Akishindwa, yeye Rasmini ataondoka na hatakuja kusumbua tena. Bibi akaitikia kwa kichwa.

Kadek aliketi akakunja miguu, nguo imefunika magoti. Akakitazama kitabu. Macho yakaanza kumzunguka, jasho likamtoka juu ya mdomo. Kisha Rasmini akaona chini ya nguo mguu mmoja ukigonga mkeka, pole pole, mara moja, mara ya pili.

"Ku-ku," alisema Kadek. Mguu ukagonga. "Wa-ngu. A-me..."

Nini Rangki alinyoosha mkono akauweka juu ya mguu ule. Hakuwa na hasira. Aliushika kama mtu anavyomtuliza mtoto anayehangaika usingizini.

Sauti ikakatika. Kadek alifungua mdomo, akaufunga, akafungua tena. Akautazama ule mstari kama kitu asichowahi kukiona duniani.

"Unaona?" alisema Nini Rangki, na kulikuwa na huzuni ya kweli katika sauti yake. "Hajui, mwanangu. Usijitese."

"Anajua, Bibi. Nakuomba. Toa mkono tu."

"Agonge mguu mbele ya kitabu?"

Ilikuwa imekwisha. Rasmini alikifunga kitabu kwenye kitambaa chake, akainamisha kichwa, akaanza kuinuka kwa tabu kwa sababu ya goti. Nini Rangki akaondoa mkono wake kwenye mguu wa mtoto, akaokota ukanda mpya wa jani, akamshika Kadek vifundo ili waendelee na kazi. Kadek hakuinua macho. Mikono yake ilikwenda ilikopelekwa.

Rasmini alikuwa ameshafika kwenye ngazi alipogeuka mara ya mwisho. Chini ya nguo, mguu wa mtoto uligonga mkeka mara mbili, ukatulia. Kitabu Rasmini alikijua kwa moyo, na neno lililokatika lilikuwa limebakiza silabi mbili: ta, ga.