Mstari Mwekundu wa Baba

Jirani akipika mafuta ya nazi, mpaka leo mimi huondoka barazani. Watu hudhani ni kifua. Ni jiwe. Mnivumilie nikipotea njia, shule niliacha darasa la tatu, na Kiswahili hiki nimekiokota Unguja nilikoolewa mara ya kwanza, hayo mengine. Marehemu baba alifanya kazi Bukini, hiyo Madagaska, mjini Majunga, kwa Mhindi mkata vito. Tuliporudishwa Moroni, kwetu Komoro, baada ya Wakomoro kuuawa huko, mama alishuka na watoto bila mume, na jiwe moja lililotoshana na kipande cha sabuni. Ukilitazama ni kijivu, la kujengea ukuta. Ligeuze kidogo juani, linawaka buluu kama mgongo wa jodari aliyetoka majini. Lakini buluu ile imelala upande mmoja tu ndani ya jiwe. Ukilikata kinyume, imekwisha. Ndiyo maana baba alilichora mstari kwa kalamu nyekundu ya nta: likatwe hapa, liwe kidani cha mke wangu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mama aliponituma Mutsamudu, kisiwa cha jirani, na mama mdogo, kwa sonara aitwaye Fundi Bakari. Enzi zile wazungu wa bunduki, askari wa kukodiwa, ndio wenye nchi, na tulisikia bandarini wanafungua mizigo. Niliogopa, nikalizamisha jiwe kwenye kopo la mafuta ya nazi. Mzungu wa zamu alitutazama, akapiga miayo. Hakugusa hata kikapu. Kule Mutsamudu nikalitoa linang'aa, zuri kuliko zamani, na mstari umeyeyuka. Nikachukua wanja wa mama mdogo, nikachora wangu, kwa kukisia.

"Mstari ndio huu, bibi harusi?" Fundi akanitania. "Dhahabu nikikosea naiyeyusha. Hili halina kurudi."

"Baba mwenyewe alichora."

Kidani kilirudi kijivu. Mama alikisimamisha mlangoni juani, akageuza, akageuza. "Amelibadilisha! Amekula jiwe la mume wangu!" Akalisema kila harusi, na wanawake wa Moroni wakaacha kumpelekea Fundi dhahabu zao. Fundi akavuka bahari mwenyewe, akasimama uani kwetu, hakumwangalia mama, aliniangalia mimi. "Bibi harusi, sema wewe. Mstari ule aliuchora nani?"

"Baba," nikasema. Akavaa viatu vyake, akaenda.

Juzi mjukuu wangu kanunua bangili sokoni, shanga tele za jiwe hilohilo, kutoka hukohuko Bukini. Labradoriti, ananifundisha jina. Kila shanga inawaka, na bei yake haimtishi msichana wa shule. Kidani cha mama ninacho. Ukikilaza ubavu, pembeni unaona uzi mwembamba wa buluu: ni jiwe la baba, halikubadilishwa. Mama hakukitazama ubavu, nami sikumwonyesha. Alikufa akimwita Fundi mwizi, na Fundi alikufa akiitwa hivyo. Leo nimeyaandika yote kwa asubuhi moja, bila shida, kwa sababu waliokuwa na haki ya kuyasikia hawapo tena.