Zulia la Mikia Miwili

Saa mbili asubuhi, mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima unamwita Mama Duara amekaa sakafuni chumbani kwake, miguu ameinyoosha, sindano kubwa mkononi. Mapajani ana msuko mrefu wa vitambaa, mabaki ya mafundi cherehani. Anauzungusha kuanzia kitovu, anaushona ubavu kwa ubavu, na zulia la mlangoni linakua taratibu mbele ya mgeni wake.

"Konokono naye anazunguka hivi," anasema, "ila yeye kila akizunguka anapanua njia. Mimi sipanui. Njia yangu ina upana mmoja, kitovuni mpaka pembeni."

Upana ni uleule, lakini zulia halishibi. Kila mzunguko unakula msuko zaidi ya uliotangulia, na nyongeza haibadiliki: mara sita ya upana wa msuko, na kidogo juu yake. Hilo hakufundishwa na mtu. Amelijua kwa kuishiwa msuko katikati ya kazi, tena mara nyingi.

Hatari iko mkononi. Ukibana sana, kingo zinainuka na zulia linakuwa bakuli. Ukilegeza, linapata mawimbi, au kama asemavyo mwenyewe, linavaa sketi ya marinda. Dogo linasamehe, kubwa linakuumbua.

Kwa wiki anauza mazulia madogo manne, na mawili yanamezwa na kodi ya chumba. Makubwa hashoni tena. Hayo alikuwa akiyashona na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, kwa misuko miwili, mwekundu na wa buluu, iliyofukuzana kutoka kitovu kimoja. Walikaa wakitazamana, kila mmoja na rangi yake, wakitaniana kutwa nzima kama mawifi wanavyojua. Mkono wa Mama Duara unabana, wa wifi unalegea. Ikikutana, zulia linalala.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Alipofariki, miaka miwili iliyopita, kikao cha ukoo kiliamua cherehani yake iende kwa ndugu yake wa kiume. Mjane hakuulizwa.

"Cherehani ni chuma tu," anasema bila kuacha kushona. "Kilichoniuma ni wifi yangu. Alikuwa amekaa pale, tukaangaliana, na hakusema neno. Mtu tuliyekula naye sahani moja!"

Hawajazungumza tangu siku hiyo. Nyuma ya mlango limeegemezwa zulia la mwisho walilolianza pamoja, pana kuliko kitanda, mikia miwili ya misuko ikining'inia. Kwa hasira, Mama Duara aliendelea na msuko wake mwekundu peke yake. Hakufika mbali. Katika zulia la namna hii, anayetangulia anamzunguka mwenzake, kisha anafika pale mwenzake alipoishia, na anakwama, maana akipita anaiziba njia ya mwenzake. Akajaribu kushona rangi zote mbili mwenyewe. Kingo zikaanza kuinuka, akafumua.

Mwezi uliopita, katika pitapita zake sokoni, aliona zulia dogo limetandikwa juu ya meza, kingo zikipanda na kushuka. Anasema aliujua mkono ule kabla hajauliza. Alicheka, halafu akalia palepale, watu wakidhani ameibiwa. Muuzaji alimweleza kwamba mshonaji anakaa upande wa pili wa mji, na kila akileta kazi analalamika kwamba mazulia yake siku hizi yanakataa kulala.

Amepanga Jumamosi hii alibebe lile kubwa mpaka kwa wifi yake. Dada yake mkubwa haafiki. Anamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Mama Duara anajibu kwamba kilichoondoka ni cherehani, wifi bado yupo. Hata hivyo anaogopa, na hafichi.

Je, asipofunguliwa mlango?

Anaweka sindano chini kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Nimefumua upande wangu karibu mzunguko mzima," anasema, "nipate cha kushona nikiwa barazani kwake. Nitashona polepole, sina haraka. Nikifika kwenye mkia wake nitakwama, nitaweka sindano chini. Hapo atatoka tu. Wifi yangu namjua, hawezi kuona kazi imesimama kwa sababu yake."