Aliyenitangulia Njia ya Muleba

Hili sikusimuliwa na mtu. Lilinipata mimi mwenyewe, mchana, jua liko utosini, na asiyeamini aende kwetu Kishanda akaulize. Wapo wanaokumbuka.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami msichana niliyekwisha kuposwa na watu wa Rubafu. Mama alinituma kwa shangazi yangu aliyekaa Kashai, Bukoba, na kapu la ndizi na kahawa ya kutafuna. Nitembee hadi Muleba, kisha nipande lori.

Bondeni, pale tunapovukia mto, nikamkuta mama mmoja amevaa nguo ya gome la mti, mzigo wa kuni uko miguuni pake.

"Waitu, tafadhali mwanangu, nitwike."

Kwetu, mtu akikuomba umtwike humuulizi jina wala ukoo. Mnainama, mnainua pamoja, anakwenda zake nawe unakwenda zako. Vinginevyo nani angethubutu kusafiri peke yake na mzigo? Lakini nilikuwa na haraka, na kutua kapu langu niliona taabu. Nikasema, "Atakuja mwingine." Tena nikacheka. Mungu anisamehe.

Kilima cha kwanza kikanishinda. Nikatua, nikapumzika, kisha nikamwomba mwanamke aliyekuwa akipalilia migomba anitwike. Akaegemea jembe.

"Si wewe uliyemwacha mama wa watu mtoni?"

Nikashtuka. Hakuna aliyenipita njiani, naapa.

"Nani amekwambia?"

"Wewe mwenyewe! Umepita hapa sasa hivi, ukatusimulia huku unacheka. Mbona unaniuliza?"

Nikajitwika peke yangu, ndizi nyingine zikadondoka, sikuziokota. Nyumba iliyofuata nikaomba maji. Mzee mwenye nyumba akasimama mlangoni.

"Yale uliyokunywa hayajakutosha?"

Akanionyesha kibuyu. Mdomo wa kibuyu ulikuwa bado unadondosha maji. Nyinyi mngefanya nini? Mimi nilirudi njiani na kiu yangu.

Nilipotoka pale ndipo nikamwona, mbele yangu, anapanda kilima. Kanga yangu. Kapu langu. Mwendo wangu wa kuburuta mguu wa kushoto. Nikapiga kelele. Akageuka. Jamani, uso ulikuwa wangu! Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni, akaingia kwenye migomba. Nilipofika pale, hata jani halikutikisika.

Nikatupa kapu, nikakimbia kurudi mtoni. Mama hakuwepo. Kuni zilikuwa pale pale. Nikakaa kando ya mzigo ule hadi jua likapoa, nikimngoja nimtwike. Hakuja.

Majuma mawili baadaye mshenga wa Rubafu akaja nyumbani. Walikuwa wamepeleleza tabia yangu, kama ilivyo desturi, na kila nyumba ya njia ile ikawapa jibu moja: kwamba nilimwacha mama wa watu na mzigo wake, nikacheka.

"Nani kawaambia uongo huo?" baba akafoka.

Mshenga akainamisha macho. "Binti yako mwenyewe, mzee."

Ningesema nini? Kwamba si kweli? Ilikuwa kweli. Uchumba ukafa siku ile.

Niliolewa nimechelewa, huko Karagwe, na mtu asiyenijua. Hadi leo nikiingia kijiji kigeni, kabla ya kuomba chochote, huwauliza watu kama wamekwisha kuniona. Wananidhani nina wazimu.

Nawe unayenisikiliza, mtu usiyemjua akikuomba mikono yako, mpe. Njia ile bado inapitika, na yule aliyevaa uso wangu sijasikia kwamba ameihama.