Mama Alipokalia Kiti cha Baba

Kuna harufu ya mafuta yaliyokaangiwa samaki mara nyingi mno. Nikikutana nayo njiani, hata leo, mabega huanza kuniuma, ndipo namkumbuka mama.

Tulikaa mtaa wa Pasiansi, karibu na ziwa, nyumba iliyoegemea jabali. Baba alikuwa amepunguzwa kazini, yeye na wenzake wengi, viwanda vilipoanza kuuzwa. Mama akaingia kwenye mapanki, yale mabaki ya sangara, vichwa na mifupa, baada ya minofu kuondolewa na kupelekwa Ulaya. Alfajiri aliyagombania, mchana aliyakaanga kando ya barabara, jioni alirudi kutupikia. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kwetu kazi hiyo iligawanywa: mama alichuma juani, baba alikula kivulini, kwenye kiti chake cha mbao ambacho hakuna aliyekikalia hata yeye akiwa safarini. Msimfikirie vibaya. Kazi ilikuwa imemtoka, kiti ndicho kilichobaki.

Jirani yetu Mama Shabani, mwenye duka, alikuwa na televisheni na deki. Jumapili moja aliweka mkanda wa muziki, wanawake wakajaa sebuleni kwake. Mwimbaji alikuwa dada mmoja aliyevaa suruali, anaendesha lori. Jioni anarudi nyumbani, anajitupa kwenye kiti, na mume wake, kajifunga kanga kiunoni, anamvua viatu na kumletea maji ya kunawa. Wanawake walicheka hadi machozi.

"Rudisha nyuma, Mama Shabani! Rudisha pale pa kanga!"

Mama hakucheka. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alisema tu, "Yule dada alikaa vizuri."

Kesho yake jioni alitua karai mlangoni, akapita moja kwa moja, akakalia kiti cha baba. Akafumba macho. Mimi na Kulwa, kaka yangu pacha, tulitazamana.

Baba akarudi kutoka kwenye bao. Tulimwamkia, akaitikia marahaba bila kutuangalia.

"Mama Kulwa," akaita. "Mama Kulwa, leo tunakula nini?"

"Nimechoka, Baba Kulwa."

Nilimkodolea macho baba. Nilitaka alete maji. Sijui kama nimewahi kutaka kitu namna ile. Nilikuwa tayari hata kumtafutia kanga. Alisimama pale kitambo, akavua kofia yake, akaishika mkononi kama aliyeingia nyumba ya watu.

"Haya, pumzika," akasema, kwa upole kabisa. Kisha akanigeukia. "Doto, mama yako amechoka. Songa ugali."

Kulwa, niliyezaliwa naye siku moja, alichukua gololi zake akatoka. Mimi nikakaa kwenye kigoda, mbele ya sufuria iliyonizidi nguvu, mwiko nimeushika kwa mikono miwili. Moshi ukaniingia, nikakohoa. Mama akafumbua macho. Aliniangalia, akaangalia mlango aliotokea Kulwa, kisha akainuka, taratibu, huku ameshika kiuno. Akanipokonya mwiko.

"Nenda kacheze na mwenzako."

Habari haikukawia kumfikia Mama Shabani. "Shoga, kiti kimekuunguza?" akamtania. Mama akacheka naye. Hakukikalia tena, na mimi nilimdharau kwa hilo miaka mingi, kimoyomoyo. Dada wa kwenye lori hakuinuka. Nilidhani mama aliogopa.

Sasa nina binti yangu, na jioni nyingine narudi nyumbani miguu haitaki kunibeba. Ndipo nilipoelewa kwamba baba hakuwa amemfukuza kwenye kiti. Baba alishamwachia. Mama aliinuka mwenyewe alipoona uchovu wake umeangukia kwa nani. Kwenye ule wimbo hapakuwa na mtoto wa kike.

Alikuwa amechoka, jamani, amechoka mno. Na mimi nikatoka mbio kwenda kucheza gololi.